Kwa Nini Binti Yako Amempenda Kijana Anayefanana na Baba Yake?



Alhamisi moja, baada ya kipindi cha akina mama, wenzetu walipokuwa wakikunja mikeka na kukusanya vikombe vya chai, mama mmoja alinishika mkono akaniomba nisiondoke. Tulikaa kwenye benchi la nyuma. Alikaa kimya kitambo, akichezea ncha ya kitenge chake. Kisha akasema, "Dada muuguzi, binti yangu ameleta mchumba. Kijana ni mcha Mungu, ana kazi yake, anatuheshimu. Lakini tangu alipoingia mlangoni kwangu sijapata usingizi."

Nikamuuliza kulikoni. Akajibu, "Amefanana mno na marehemu mume wangu. Paji la uso ni lile lile, mwanya ni ule ule, hata kutembea. Mawifi zangu walipomwona walitazamana. Na kijana mwenyewe amelelewa na mama yake tu. Baba yake hamjui."

Nilielewa mara moja kilichokuwa kinamtesa. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama huyu alikuwa na habari kwamba huko safarini mumewe alizaa mtoto, na habari hiyo aliifungia moyoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Watoto wake hawakuwahi kuambiwa. Sasa alijiuliza: je, binti yangu anataka kuolewa na kaka yake?

Mama huyu amenipa ruhusa ya kusimulia habari yake bila kumtaja, kwa sababu anajua hayuko peke yake. Hebu basi tuangalie pamoja jambo hili: nini humvuta binti kwa kijana huyu na si kwa yule? Sura ina nafasi gani? Na harufu ya mwili, jambo ambalo tunaona haya kulizungumza, ina nafasi gani? Tukimaliza hayo nitawaambia mambo ya mama huyu yaliishia wapi.

PUA HAIDANGANYIKI KIRAHISI, LAKINI HUDANGANYIKA

Mwenyezi Mungu ameiweka pua karibu sana na moyo, kama tunavyosema sisi. Ukinusa kitu, habari yake hupita katika mishipa ya fahamu iliyo juu ndani ya pua na kufika haraka katika sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na hisia za furaha, hofu na upendo. Ndiyo maana harufu ya sabuni fulani inaweza kukurudisha jikoni kwa bibi yako aliyefariki miaka mingi iliyopita, ukajikuta machozi yanakulengalenga kabla hujajua sababu. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Axel na Linda Buck, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi pua inavyotambua harufu. Binadamu ana vipokezi vya harufu vya aina zinazokaribia 400, na vikichanganya kazi zao tunaweza kutofautisha harufu nyingi mno.

Uhusiano wetu na harufu huanza siku za mwanzo kabisa. Mwaka 1975 daktari wa Uingereza, Aidan Macfarlane, aliweka kando ya kichwa cha mtoto mchanga kitambaa kilichovaliwa kwenye titi la mama yake, na upande wa pili kitambaa cha mama mwingine. Watoto wenye umri wa siku chache tu waligeukia zaidi upande wa kitambaa cha mama zao. Sisi tunaofanya kazi wodi ya wazazi hatushangai. Mtoto analia mikononi mwa muuguzi, ukimweka kifuani kwa mama yake ananyamaza. Na mama naye humtambua mwanawe kwa harufu baada ya kukaa naye kwa muda mfupi tu.

Watu wa pwani yetu walilijua hili kabla ya maabara. Bibi harusi wa Kiswahili husingwa kwa singo, hufukizwa udi, na kitandani pake hutandazwa asumini. Somo wake humfundisha kwamba harufu nzuri ni lugha ya ndoa. Biblia nayo haikulinyamazia jambo hili. Kitabu cha Esta kinatueleza kwamba wasichana walioandaliwa kwa mfalme Ahasuero walipakwa mafuta ya manemane miezi sita, na manukato miezi sita mingine.

Lakini Biblia hiyo hiyo ina onyo. Katika Mwanzo sura ya 27, mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka, alisikia sauti ya Yakobo lakini akanusa mavazi ya Esau. Masikio yalimwambia jambo moja na pua ikamwambia jingine. Aliiamini pua, akambariki mtu asiyemkusudia. Akina mama, tuishike habari hii mpaka mwisho wa makala: pua ni shahidi mzuri, lakini si hakimu.

JARIBIO LA FULANA

Mwaka 1995 mtaalamu wa Uswisi, Claus Wedekind, pamoja na wenzake walifanya jaribio ambalo bado linazungumzwa. Waliwapa vijana wa kiume 44 fulana za pamba wazivae usiku mbili mfululizo. Walikatazwa manukato na vyakula vyenye harufu kali. Kisha wanawake 49 waliombwa wanuse baadhi ya fulana hizo zikiwa ndani ya maboksi, bila kujua mvaaji, na waseme ipi inapendeza.

Kila mtu ana chembe za urithi zinazoongoza kinga ya mwili, yaani zinazosaidia mwili kutambua vijidudu vya magonjwa. Wataalamu huziita HLA. Tunarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Katika jaribio lile, wanawake walielekea kupendezwa zaidi na harufu ya wanaume ambao chembe zao za kinga zilitofautiana na za kwao. Baadhi yao walisema harufu hizo ziliwakumbusha wapenzi wao. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mtoto anayerithi kinga za aina mbalimbali kutoka kwa wazazi wawili huenda akawa na silaha nyingi zaidi dhidi ya magonjwa.

Mwaka 2002 watafiti wa Chicago, wakiwamo Martha McClintock na Carole Ober, walirudi kwenye fulana kwa namna nyingine. Wao waliona kwamba wanawake hawakupenda harufu ya mtu aliye mgeni kabisa, wala ya mtu aliyefanana nao kupita kiasi. Walipenda ya katikati. Na kufanana kulikohusika kulikuwa na zile chembe walizorithi kwa baba, si zile za mama. Labda ndiyo sababu ya ile hali ambayo binti huisema bila kujua maana yake: "Mama, nikiwa naye najisikia kama niko nyumbani."

Hata hivyo, ni lazima niwe mkweli kama muuguzi. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali hayakukubaliana. Mengine yaliona kama Wedekind, mengine hayakuona kitu. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba harufu ndiyo inayochagua mume. Inachangia kidogo, pamoja na mambo mengine mengi.

Kuna neno moja zaidi hapa. Katika jaribio lile la 1995, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango walielekea kupenda harufu zilizofanana na za kwao, kinyume cha wenzao. Habari hii ilipoenea, baadhi ya wanawake walitishika wakadhani vidonge vitawafanya wachukie waume zao. Tafiti za baadaye hazikuthibitisha hofu hiyo kwa uhakika. Usiache vidonge kwa sababu ya maneno ya barazani. Ukiona mabadiliko yanayokusumbua, nenda kliniki uzungumze na muuguzi, kwani njia ziko nyingi.

MUME ANAYEFANANA NA BABA

Sasa tuje kwenye sura. Mara ngapi tumesikia kwenye harusi, "Hawa wamefanana kama ndugu, ndoa yao itadumu"? Wengine husema mume na mke wakikaa pamoja miaka mingi huanza kufanana. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walilinganisha picha za mamia ya wanandoa, za mwanzo wa ndoa na za miaka mingi baadaye. Hawakuona nyuso zikizidi kufanana. Waliona kwamba wanandoa wengi walikuwa wamefanana kiasi tangu mwanzo. Yaani, hatufanani kwa kuoana, bali mara nyingi tunachagua tunayefanana naye.

Kwa nini? Jibu moja lilitoka Hungaria mwaka 2004. Mtaalamu Tamás Bereczkei na wenzake waliwachunguza wanawake waliolelewa na wazazi wa kuwaasili, yaani wazazi wasio wa damu. Waliweka picha za waume za wanawake hao pamoja na picha za baba waliowalea. Watu wasiowajua kabisa waliweza kuona mfanano kati ya mume na baba mlezi kuliko ambavyo ingetokea kwa kubahatisha. Kumbukeni, baba huyo hakuwa na damu moja na binti. Na mfanano ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale waliosema kwamba baba mlezi aliwapenda na kuwajali walipokuwa wadogo.

Akina mama, hebu tulitafakari hilo. Binti aliyebebwa mabegani na baba yake, aliyesaidiwa masomo, aliyefutwa machozi, huweka moyoni picha ya mwanaume mwema. Akikua, akikutana na kijana mwenye paji lile au tabasamu lile, moyo wake unatulia. Hii si aibu wala si mkosi. Ni matunda ya malezi. Na baba anayesoma gazeti hili kwa kuibia mezani naye asikie: namna unavyomtendea binti yako leo inaweza kuwa inamchorea mume wa kesho.

UZIO ALIOUWEKA MUNGU

Lakini ikiwa tunavutwa na wanaofanana nasi, mbona kaka na dada hawatamaniani? Mtaalamu wa Ufini aliyeitwa Edvard Westermarck aliandika mwaka 1891 kwamba watoto wanaokua pamoja tangu utotoni, wakila na kulala nyumba moja, kwa kawaida hawatamaniani wakikua. Ushahidi mkubwa ulitoka Israeli, katika vijiji vya ujamaa viitwavyo kibutsi, ambako watoto wa familia mbalimbali walilelewa pamoja katika nyumba ya watoto. Mwaka 1971 Joseph Shepher alichapisha uchunguzi wa ndoa 2,769 za watu waliokulia huko. Hakukuta ndoa hata moja ya watu wawili waliolelewa kundi moja mfululizo katika miaka sita ya kwanza ya maisha. Hapakuwa na katazo juu yao. Walijiona tu kuwa ni ndugu.

Hapa ndipo penye jambo zito. Uzio huo hujengwa na malezi, haujengwi na damu. Ndugu waliolelewa mbalimbali, ambao hawakuogeshwa beseni moja wala kugombania kitoweo sahani moja, hawana uzio huo. Wakikutana ukubwani wasijuane, wanaweza kuvutana kama watu baki. Biblia inatupa mfano wa kuhuzunisha wa Amnoni na Tamari, watoto wa Daudi kwa mama mbalimbali, ambapo tamaa iliishia katika ubakaji na damu kumwagika. Na kitabu cha Walawi, sura ya 18, kinakataza waziwazi mtu kumkaribia dada yake, awe wa baba mmoja au wa mama mmoja, hata kama amezaliwa nje.

Makabila yetu mengi nayo yaliweka uzio wa pili, ule wa ukoo. Kabla ya posa wazee waliuliza: wewe ni wa ukoo gani, mwiko wenu ni nini, bibi yako alitoka wapi? Leo vijana wanakutana mjini, chuoni, kazini. Hakuna anayeuliza ukoo. Maswali yale ya wazee tuliyacheka tukayaona ya kizamani, kumbe yalikuwa na kazi.

Tena kuna sababu za kiafya. Ndugu wa damu wana uwezekano mkubwa wa kubeba kasoro ile ile ya urithi iliyojificha. Katika mji wa Bradford, Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wa wazazi walio binamu walizaliwa na kasoro za maumbile kwa kiasi cha watoto 6 katika 100, ambapo kwa wengine ni kama 3 katika 100. Wengi wao walizaliwa salama, lakini hatari ilikuwa mara mbili. Kwa watoto wa kaka na dada hatari ni kubwa zaidi sana.

Hata wasio ndugu wana wajibu. Nchini kwetu selimundu ni ugonjwa wa urithi unaoliza familia nyingi. Mtu mwenye chembe moja ya ugonjwa haumwi wala hajijui. Lakini wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuleta mtoto mgonjwa. Kipimo ni cha damu tu. Wachumba wanapokwenda kupima virusi vya UKIMWI, kama makanisa mengi yanavyoshauri, waombe na hiki.

MUME AKIKUNUKIA VIBAYA

Najua wengi mnaosoma mmekwisha kuolewa, na mnasema, "Dada, mimi nilikwisha kuchagua. Sasa mbona harufu ya mume wangu imenishinda?" Tulizungumze hili bila kuoneana haya.

Kwanza, mimba. Katika miezi ya mwanzo wanawake wengi huchukia harufu walizozizoea: kitunguu, samaki, sabuni, na wakati mwingine mume mwenyewe. Nimewahi kumpokea kliniki mama aliyekuwa analala sebuleni kwa sababu hiyo. Mume alidhani amepata mwingine, na mama mkwe alikwisha kumtafuta mganga. Tulikaa na wote wawili tukawaeleza kwamba ni hali ya mimba, inapita. Kwa wengi hupungua mimba inapofika miezi minne au mitano. Mwambie mume wako mapema kwa upole: "Baba watoto, si wewe, ni mimba." Naye aoge jioni, aache manukato makali kwa muda, wala asihesabu jambo hilo kuwa ni dharau. Lakini kama unatapika kila kitu na hata maji hayakai tumboni, usingoje, wahi hospitali.

Pili, ugonjwa. Harufu mpya inaweza kuwa taarifa. Pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara, inaweza kuwa dalili ya kisukari kilichopanda, na hiyo ni dharura. Harufu mbaya ya kinywa isiyokoma mara nyingi ni fizi au meno. Nasi akina mama, uchafu ukeni wenye harufu kama ya samaki ni ugonjwa unaotibika kwa dawa. Msijioshe ndani kwa sabuni, ndimu wala magadi. Hilo huua vijidudu wema wanaolinda uke na kuongeza tatizo. Maji safi kwa nje yanatosha.

Tatu, pombe, sigara na kutooga. Hapa si chembe za urithi wala homoni. Ni mazungumzo ya mume na mke, yafanyike faraghani, si mbele ya watoto wala mawifi. Jasho la kwapa likitoka halina harufu kali. Bakteria wa ngozi ndio wanaoligeuza. Kuoga, kunyoa kwapa na kubadili shati kunatatua mengi.

Na kuna habari njema. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba wanawake walionusa fulana iliyovaliwa na waume au wapenzi wao walikuwa na mfadhaiko mdogo kuliko walionusa ya mtu wasiyemjua. Mama ambaye mumewe yuko safarini na anaufunika uso wake kwa shati lake hajarukwa na akili. Mwili wake unatafuta amani pale ulipoizoea.

MAMBO YA MAMA YULE YALIVYOISHIA

Nilimwambia mama yule mambo mawili. La kwanza, kufanana si ushahidi wa damu. Huenda binti yake alimpenda kijana yule kwa sababu baba yake alimpenda sana, na moyo ukafuata sura uliyoizoea. Nikamweleza habari ya wale wa Hungaria. Akalia, kwa maana kweli marehemu, pamoja na kosa lake, alikuwa akimpenda binti huyo kama mboni ya jicho.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Nilimwambia, "Mama, huwezi kuacha jambo hili lipite kwa kubahatisha. Uliza kabla ya posa kupokelewa." Aliogopa. Kuuliza kulimaanisha kufungua lile alilolifunga miaka ishirini. Watoto wangejua. Mawifi wangesema. Alisali wiki nzima, kisha akaomba mama mchungaji amsindikize kwa mama wa kijana.

Yule mama mwingine alishtuka mwanzoni, akadhani amekuja kutukanwa. Lakini mgeni wake alipoanza kwa kukiri kosa la nyumbani mwake mwenyewe, naye akalainika. Akamtaja baba wa kijana. Hakuwa marehemu dereva. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine kabisa, yu hai, ambaye aliikataa mimba alipokuwa kijana. Wazee walimfuata, na safari hii hakukataa. Kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, kipimo cha vinasaba kilifanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kuwa kwetu Tanzania vipimo hivi vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 na havifanywi kiholela. Walimpima baba na kijana, kwa maana kipimo cha baba na mtoto hutoa jibu lililo wazi kuliko cha ndugu na ndugu. Jibu lilithibitisha kwamba huyo ndiye baba yake.

Harusi ilifungwa. Nilikuwa katika kamati ya chakula. Lakini kabla ya harusi hiyo lilifanyika jambo jingine ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko sherehe. Mama yule aliwakusanya watoto wake wote, akawaambia kwamba wana ndugu yao mahali fulani, wa damu ya baba yao. Mwanawe mkubwa alikasirika akaondoka, akarudi baada ya siku tatu. Mpaka leo wanaendelea kumtafuta. Mama aliniambia, "Nilidhani nawalinda kwa kunyamaza. Kumbe nilikuwa nawaacha watembee gizani."

MASHAURI KWA AKINA MAMA

1. Wafundishe watoto ukoo wao wa pande zote mbili, majina hadi ya mababu, na mahali walipotoka.

2. Kama kuna mtoto wa nje, watoto waambiwe wakiwa na umri wa kuelewa, kwa maneno yasiyomtukana mtoto huyo wala mama yake. Yeye hakuomba kuzaliwa hivyo.

3. Binti akileta mchumba, msianze na mali. Ulizeni kwao ni wapi, wazazi ni nani, na kama hajui, msimdharau. Msaidieni kujua.

4. Wachumba wapime virusi vya UKIMWI na selimundu mapema, kabla kadi za michango hazijachapwa.

5. Kuvutwa ni mwanzo tu. Binti aangalie pia kijana anavyomtendea mama yake, anavyokasirika, anavyotumia fedha, anavyomcha Mungu. Hayo pua haiyanusi.

KWA MAJADILIANO KATIKA VIKUNDI

Je, tunawaambia watoto wetu kweli kiasi gani kuhusu ukoo wao? Ni kitu gani kinatuzuia? Katika nyumba yangu, baba anapata nafasi ya kuwa karibu na mabinti, au nimeichukua nafasi hiyo yote mimi?

Mungu aliyetupa pua, macho na moyo ametupa pia akili na ulimi. Tusiache pua na macho vifanye kazi ambayo ulimi ulipaswa kuifanya. Bwana awabariki, azilinde nyumba zenu na mabinti zenu. Amina.